Uzio hai wa nyumbani: kayaba, minyaa, mkwaju wa kihindi, mhina, bogenvilia au mtandamboo?

Uzio wa mimea huulizwa maswali mawili yanayovutana. La kwanza ni la kila mwenye nyumba: utamzuia mbuzi wa jirani na mwizi wa usiku? La pili huulizwa na wachache, nalo ndilo linaloamua kama bustani itakuwa na uhai: nani atakula hapo, na nani atalea makinda? Mmea unaojibu vizuri swali la kwanza mara nyingi hulijibu la pili nusunusu. Anayechagua kwa kutazama maua tu kitaluni huja kugundua, miaka miwili baadaye, kwamba amezungusha kitu ambacho hata nyuki hawakijali.

Hesabu za hapa ni za kiwanja cha mita 20 kwa 20. Usipande juu ya mstari wa mpaka. Ingia ndani sentimita 75, ili upande wa nje uupogolee ukiwa umesimama kwenye ardhi yako, na mawe ya mpaka, yaani bikoni, yabaki yakionekana. Mzunguko unakuwa mita 74. Ukitoa geti la mita 4, zinabaki mita 70 za kupanda.

| Mmea | Mche hadi mche | Idadi kwa mita 70 | Muda wa kuziba | Mbuzi | Wanaofaidi |
|---|---|---|---|---|---|
| Kayaba | sm 30 | miche 234 | karibu miaka 3 | hapiti | nyuki, ndege wala matunda, viwavi |
| Minyaa | sm 20 | vipandikizi 350 | miaka 1 hadi 2 | haili minyaa, ila hupenya penye pengo | maficho, chakula kidogo |
| Mkwaju wa kihindi | sm 15 | mashimo 467 ya mbegu | miaka 1.5 hadi 2 | hapiti ukipogolewa | nyuki, ndege |
| Mhina | sm 40 | miche 175 | karibu miaka 2 | hupenya | nyuki kwa wingi |
| Bogenvilia | m 1 | miche 70 | karibu miaka 2 | hapiti ukishikana | viota, nekta kidogo |
| Mtandamboo | sm 50 | miche 140 | miaka 4 hadi 5 | hapiti | nondo, vipepeo, nyuki, ndege, na wewe |

Muda huo ni makadirio ya mahali penye mvua za kawaida na mtu anayepogolea. Asiyepogolea aongeze miaka miwili, na bado uzio wake utakuwa wazi chini.

Kwanza, jina lisikuponze

Methali yasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini haisemi ni mchongoma upi. Jina hilo ni la mti wa kienyeji, Flacourtia indica, wenye jani moja moja la ukingo wa menomeno na matunda mekundu yanayoiva kuwa meusi, nayo huliwa. Mijini, hasa Pwani, mchongoma ni pia mkwaju wa kihindi, Pithecellobium dulce, uliotoka Amerika: jani lake limegawanyika vijani vinne, na ganda lake lililojisokota lina nyama nyeupe inayofunika mbegu nyeusi. Wengine huita mchongoma kila chenye miiba kilichopandwa mpakani. Kwa hiyo usiagize miche kwa jina peke yake. Omba kuonyeshwa jani, na ikiwezekana mmea mama.

Kayaba

Kayaba, Dovyalis caffra, asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina lake la Kizungu limetoka kwenye mto Kei wa Afrika Kusini. Hupenda nyanda za juu zenye ubaridi: Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya. Kwenye joto na unyevu wa Pwani huzubaa. Miiba yake ni mirefu kama kidole na migumu. Kayaba ya miaka minne iliyopogolewa vizuri haipitwi na mbuzi wala mbwa, na mwizi huenda kutafuta nyumba nyingine.

Kwa viumbe pia haiko nyuma. Maua yake ni madogo yasiyovutia macho, lakini nyuki huyafuata. Matunda ya njano, machachu ya kukunja uso, huliwa na ndege kama shore na kuzumburu, na ukiyapata kabla yao yanatoa jamu nzuri. Majani hulisha viwavi wa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi, ambaye viwavi wake hula pia mchongoma wa kienyeji. Ukiona majani machanga yametobolewa, acha. Mmea wenye mizizi imara huchipua tena, na ukipuliza dawa utaua kipepeo pamoja na nyuki.

Kasoro yake kubwa wauza miche hawaitaji: kuna kayaba dume na kayaba jike. Miche ya mbegu huja mchanganyiko, na huwezi kuitofautisha mpaka itoe maua. Ukipanda vipandikizi vilivyokatwa kwenye mmea mmoja, uzio wote unakuwa wa jinsia moja, na ikiwa ni dume hutapata tunda hata moja. Chagua miche ya mbegu, na ihesabu 260 badala ya 234, kwa kuwa mche mmoja kwa kumi hufa au hudumaa.

Halafu kuna miiba iliyokatwa. Inapasua matairi ya baiskeli na kutoboa kandambili. Usiitie kwenye biwi la mboji, maana mboji itaoza na miiba itabaki. Itandike juu ya tuta jipya la mchicha kuzuia kuku, au irundike kwenye kona ya mbali na nyumba, ambako mijusi na kalunguyeye watapata pa kujificha.

Minyaa

Ukiwa huna maji, huna fedha ya miche, na ardhi ni kavu, mnyaa ndio jibu la haraka. Wafugaji wa kanda kavu wameuzungushia maboma tangu zamani. Jina la Ziwa Manyara lenyewe husemwa limetokana na neno la Kimaasai la mmea huu. Kata vipandikizi vya sentimita 30 hadi 40, vilaze kivulini siku tatu hadi saba mpaka jeraha likauke, kisha vizike sentimita 15. Anayevichomeka vikiwa vinavuja utomvu na kuvimwagilia kila siku huvikuta vimeoza chini baada ya wiki mbili, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi.

Tatizo ni utomvu. Ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Kata ukiwa umevaa miwani na glovu, na watoto wakae mbali. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipande karibu na bwawa la samaki, maana utomvu huo umetumiwa tangu zamani kulevya samaki.

Kwa bustani ya viumbe, mnyaa unatoa nyumba bila chakula. Ndege wadogo hujificha humo na mijusi hukimbilia humo, lakini maua yake madogo hulisha wachache na hakuna tunda la kumvuta ndege. Penye watoto wa kucheza uani, tafuta kitu kingine.

Mkwaju wa kihindi

Hauhitaji kitalu. Tia mbegu mbili kwa kila shimo la sentimita 2, kila sentimita 15, mwanzoni mwa mvua. Zikiwa mbichi huchomoza ndani ya wiki moja au mbili bila kulowekwa wala kuchemshwa. Unastahimili chumvi, upepo wa bahari na ukame, na kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde hurutubisha udongo wake wenyewe. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayetaka uzio wa miiba kwa gharama ndogo, ni vigumu kuupita.

Lakini huu ni mti, haujawahi kuwa kichaka. Ukikosa kuupogolea misimu miwili unapita paa, chini unabaki vigingi vitupu, na mizizi inaanza kutafuta maji. Uweke angalau mita 3 kutoka shimo la maji taka na ukuta wa nyumba. Ndege hula matunda na kudondosha mbegu kila mahali, hivyo utang'oa miche usiyoipanda kila mwaka. Anayeishi jirani na msitu wa asili auache.

Mhina

Huu husahaulika kwenye orodha za uzio kwa sababu watu wanaufikiria kama pambo la mikono ya bibi harusi tu. Huota pia mwituni kwenye vichaka vya kando ya mito ya Afrika Mashariki. Unapenda jua kali, unavumilia kukatwa kila mara, na maua yake madogo ya rangi ya maziwa yananukia mpaka barabarani. Ukitaka nyuki bustanini kwa ajili ya matikiti, maboga na matango yako, mita 10 za mhina zitafanya kazi kuliko mita 70 za bogenvilia. Panda vipandikizi vya sentimita 20 hadi 25, vya unene wa penseli, vikiwa vimezikwa theluthi mbili.

Haumzuii mbuzi mwenye nia, na kiangazi kikali huangusha majani ukabaki uwazi. Tena, anayevuna majani ya hina kila mwezi hapati maua, na nyuki hawapati chochote. Vuna upande mmoja, wa pili uache uchanue.

Bogenvilia

Wengi huichagua kwa rangi. Hiyo rangi si maua: ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati, ambacho nyuki hupata kidogo mno kwacho. Faida yake kwa ndege ni viota, maana matawi ya miiba yaliyosongamana humfanya kipanga na paka washindwe kufika. Inahitaji jua angalau saa sita kwa siku. Ukiimwagilia sana na kuijaza samadi inatoa majani matupu, na lawama humwangukia muuza miche. Inahitaji waya au nguzo za kuegemea miaka miwili ya mwanzo, gharama ambayo wengi hawaipigii hesabu.

Mtandamboo

Kama swali lingekuwa la viumbe peke yake, hapa ndipo ulinganisho ungekwisha. Mtandamboo, Carissa spinarum, ni wa kwetu. Haupukutishi majani yote, na una miiba ya kumzuia mbuzi na ng'ombe. Maua meupe yenye wekundu kwa nyuma hunukia jioni na kuita nondo, mchana yakawapa nekta vipepeo na nyuki. Matunda yanayoiva kuwa meusi-zambarau huliwa na ndege, watoto na watu wazima. Unastahimili mwamba, udongo duni na kiangazi kirefu. Wamaasai wanauita olamuriaki, Wakikuyu mukawa.

Bei yake ni subira. Kwa miaka miwili utaonekana kama umepanda vijiti. Mbegu hazipendi kuwekwa: kamua tunda lililoiva, osha utelezi wote, anika kivulini siku moja au mbili, panda wiki hiyohiyo. Mbegu za mwaka jana zilizofungwa kwenye karatasi mara nyingi hazioti, na mnunuzi hudhani amekosea kumwagilia.

Hapa kuna hatari ambayo haina mchezo. Msunguti, ule mti wa sumu ya mishale, unafanana sana na mtandamboo: maua meupe yenye wekundu na harufu nzuri, tunda la zambarau, utomvu mweupe. Sumu yake inasimamisha moyo. Tofauti ya kushika ni miiba: mtandamboo unayo, msunguti hauna. Mbegu zichume wewe mwenyewe kwenye mmea uliouona miiba, au nunua miche iliyokwisha kutoa miiba yake. Tunda la kichaka kisicho na miiba mtoto asile.

Lantana haimo kwenye jedwali kwa makusudi. Ni kweli vipepeo wanaipenda, ndiyo maana hupendekezwa. Lakini majani yake yana sumu kwa ng'ombe na mbuzi, ndege hueneza mbegu, na leo ni miongoni mwa mimea vamizi mibaya zaidi duniani. Ukiwa nayo tayari, ing'oe na mizizi udongo ukiwa na unyevu, kabla matunda hayajaiva.

Kupanda

Chimba mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina sentimita 40. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Kwa kila mita, changanya udongo wa juu na ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza. Kwa mita 70 ni ndoo 70, yaani kama toroli 23 au 24. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa. Minyaa na bogenvilia haziihitaji: zipunguzie mpaka robo ndoo au usitie kabisa.

Panda mvua ikishika, si siku ya wingu la kwanza. Kwa Pwani, Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni mwanzoni mwa masika. Kwa Dodoma na Singida ni Desemba. Hesabu hii inaonyesha sababu: kayaba 234 kwa lita 2 kila mmoja ni lita 468 kwa mara moja. Ukimwagilia mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, umefika karibu lita 7,500. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 8, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina ili mchwa wasipande.

Ukitaka kuchanganya mimea, usibadilishane mmoja mmoja. Mkwaju wa kihindi humfunika mtandamboo ndani ya mwaka mmoja, na unaochelewa hufa kivulini. Panda kwa vipande vya mita 5 au zaidi, kila kipande mmea wake: miiba mikali upande wa barabara, mhina karibu na bustani ya mboga, mtandamboo upande wa jirani mwema ambako hakuna haraka.

Kupogolea, mahali uzio unapoharibikia

Kosa linaloua uzio mara nyingi ni huruma ya mwaka wa kwanza. Mtu anaacha mche uende juu mpaka mita 2 ndipo aukate. Kwa wakati huo matawi ya chini yamekwisha kufa kwa kukosa mwanga, na kuku, mbwa na mbuzi wana mlango. Kata mche wa kayaba, mkwaju au mtandamboo ukifika sentimita 45, urudi 30. Baada ya hapo, kila ukiongeza 20, kata 10. Inachosha, lakini ndiyo inayojaza chini.

Umbo pia ni muhimu: chini upana sentimita 80, juu 50, kwa urefu wa mita 1.5. Ukiwa mpana juu kuliko chini, juu kunaficha jua na chini kunakonda. Uzio uliokwisha konda, wa kayaba au wa mkwaju, ukatwe mpaka sentimita 30 mwishoni mwa kiangazi na uanze upya. Kuongeza vigingi na mabati kwenye mapengo ni kuahirisha tu. Tumia mkasi mrefu wenye makali, kwa sababu panga hupasua matawi na kuacha vidonda vinavyooza.

Ndege wetu wengi hutaga mvua zikiwepo, maana ndipo wadudu wa kulisha makinda wanapojaa. Kata sana kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba kwa wenye misimu miwili. Chungulia ndani kabla ya kila mkato, na ukikuta kiota chenye mayai au makinda, ruka mita moja kila upande mpaka waruke. Usikate pande zote mbili kwa mara moja: upande wa nje msimu huu, wa ndani ujao, ili maua na matunda yasikosekane kabisa.

Nyoka

Hiki ndicho kinachowarudisha wengi kwenye matofali. Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata chakula cha kuku kilichomwagika, mahindi ya stoo na takataka. Uzio uwe angalau mita 2 kutoka ukuta wa nyumba, nyasi kati yao ziwe fupi, na sentimita 10 za chini ya uzio zisafishwe upande wa ndani ili uone. Kalunguyeye atapita hapo usiku akila konokono na mende. Rundo la matofali yaliyobaki kwenye ujenzi huficha nyoka kuliko mtandamboo uliopogolewa.

Uchague upi?

Nyanda za juu, kayaba kwa barabara na mtandamboo kwa pande nyingine. Pwani, mkwaju wa kihindi kama utakuwa na nidhamu ya mkasi. Kama huna, mchongoma wa kienyeji pamoja na mhina, ukubali kusubiri. Kanda kavu bila watoto wadogo, minyaa upande mmoja wa kuzuia mifugo, na mtandamboo pande zilizobaki. Bogenvilia iwe ya getini, mita 4 au 5, kwa uzuri.

Na kama ukuta wa mpaka umekwisha jengwa, hakuna haja ya kuuvunja. Panda mtandamboo au mhina ndani, sentimita 75 kutoka ukutani, na acha tundu la sentimita 15 kwa 15 usawa wa ardhi kwenye pembe mbili zisizoelekea barabarani. Kalunguyeye anapita hapo bila shida. Vifaranga nao watalifahamu.